Mnyanya ulionyauka saa nane mchana unaomba nini?

Saa nane mchana ya mwezi wa Februari, jua la Dar es Salaam likiwa kali, majani ya maboga nyuma ya nyumba hulala kama kanga zilizoanikwa. Minyanya nayo huinamisha ncha. Mwenye bustani akiona hivyo anaingiwa na huruma, anachota ndoo, anamwaga. Ikifika jioni mimea imesimama, naye anaamini ni maji yake yaliyoiinua. Kesho yake anarudia, na keshokutwa. Wiki ya tatu majani ya chini ya minyanya yanageuka manjano, mashina yanalegea, yeye anaona kiu imezidi, anaongeza maji. Mimi nilifuata mtindo huo msimu mzima, nikapoteza minyanya yote kumi na miwili niliyoikuza kutoka kwenye mbegu. Nilipoing'oa, udongo wa chini ulikuwa tope linalonuka.

Maboga yale yangesimama jioni hata kama nisingegusa ndoo.

Ili kuelewa kwa nini, fikiria mtungi wa udongo wa kienyeji. Maji ya mtungini ni baridi kwa sababu mtungi unatoka jasho: maji kidogo yanapenya ukutani, yanageuka mvuke, na yanapoondoka yanachukua joto. Jani linafanya jambo la namna hiyo. Upande wa chini lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kupitia humo maji yanatoka kama mvuke. Kati ya kila lita 100 ambazo mizizi inanyonya, zaidi ya 95 zinaishia hewani kwa njia hii, na zinazobaki kujenga shina, majani na matunda ni chache sana. Mtu anaweza kuuona huo ni uharibifu, lakini vitundu hivyohivyo ndivyo vinavyoingiza hewa ya kabonidayoksaidi ambayo mmea unaitumia kujitengenezea chakula. Ukivifunga vyote, maji yanabaki lakini mmea unakaa njaa.

Mchana wa jua kali, basi, maji yanatoka majanini upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, hata kama udongo una maji tele. Jani linalegea, vitundu vinafungwa kwa sehemu, linasubiri. Jua likishuka mizizi inalipa deni na jani linasimama. Mimea yenye majani mapana kama maboga na matango inaonyesha hali hii wazi zaidi. Kwa hiyo saa nane mchana si saa ya kuamua kama bustani ina kiu. Amua saa kumi na mbili asubuhi. Mmea ambao usiku kucha umeshindwa kujaza majani yake, ukakutwa umelala alfajiri, huo una tatizo la kweli. Na hata hapo bado hujajua kwamba tatizo ni ukosefu wa maji.

Nimesikia watu wazima, wote wakulima wazuri, wakibishana juu ya ratiba ya kumwagilia. Mmoja anasema mboga ni kila siku asubuhi na jioni, usipofanya hivyo hupati kitu. Mwingine anasema huko ni kuidekeza mimea, mwagilia mara mbili kwa wiki, maji mengi, mizizi ishuke. Mgeni wa bustani anasikiliza wote wawili na anarudi nyumbani amechanganyikiwa. Wote wawili wanasema kweli. Tofauti yao iko chini ya miguu yao, na hesabu yake ni rahisi.

Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Katika joto la pwani, bustani iliyofunikwa vizuri na mboga hutumia kama lita 4 hadi 6 kwa mita ya mraba kwa siku. Tuchukue 5. Sasa tuta la mchicha lenye mizizi ya sentimita 30 hivi, kwenye mchanga kama ule wa sehemu nyingi za Mbagala au Kigamboni, linaweza kuhifadhi kama lita 25 za maji ambayo mmea unaweza kuyanyonya kwa kila mita ya mraba. Mmea haunyonyi zote kwa raha. Ghala likifika nusu, kunyonya kunakuwa kazi, na ukuaji unapungua kabla jani halijaonyesha dalili yoyote. Maji ya raha ni kama lita 12. Gawanya kwa 5: siku mbili na kidogo. Tuta hilohilo kwenye udongo wa mfinyanzi uliochanganyika vizuri linahifadhi karibu mara mbili ya hapo, na maji ya raha yanafika lita 25. Hizo ni siku tano.

Mchicha ni uleule na jua ni lilelile, lakini mmoja anahitaji maji kila baada ya siku mbili na mwingine kila baada ya siku tano. Yule wa “kila siku” amekulia kwenye mchanga, yule wa “mara mbili kwa wiki” amekulia kwenye mfinyanzi. Ushauri wao haukuharibika mpaka ulipohama kutoka udongo mmoja kwenda mwingine.

Hesabu hiyo inafichua kosa jingine linalouma zaidi pale maji yanaponunuliwa kwa ndoo, au wakati wa mgao kama ule wa Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua. Mtu ana nafasi Jumamosi tu, basi anamwaga ndoo mbili za lita 20 kwa kila mita ya mraba ili kulipia wiki nzima. Mchanga ambao ghala lake limefika nusu una nafasi ya kama lita 12. Lita 28 zinazobaki zinapita chini ya mizizi, na hazipiti mikono mitupu: zinabeba naitrojeni ya mbolea aliyoiweka wiki iliyopita. Jumatano mmea una kiu, na mwezi ukiisha una njaa pia, majani yamepauka, naye anakwenda dukani kununua mbolea nyingine ya kukuzia.

Kinyume chake kipo, na naona ndicho kinachotokea zaidi. Ni kunyunyiza kila jioni kwa mpira, dakika tano, udongo ubadilike rangi tu. Sentimita mbili za juu zinalowa na usiku na asubuhi zinakauka. Mizizi inafuata maji yalipo, kwa hiyo inatambaa juujuu, mahali penye joto kali kuliko pote. Siku moja tu ukikosa kumwagilia, bustani yote inaanguka. Kama unamwagilia, lowesha mpaka kina cha mizizi, kisha acha mpaka udongo uwe tayari kupokea tena.

Utajuaje umekuwa tayari? Kidole. Chomeka kidole cha shahada mpaka kiungo cha pili, karibu na mmea lakini si kwenye shina. Kikitoka na udongo ulioshikamana na ubaridi, ondoka. Kwa minyanya, bilinganya na bamia, ambazo mizizi yake inashuka zaidi, chimba kwa mwiko wa kupandia mpaka sentimita 15, chukua udongo ufumbate. Mchanga ukifumbatwa ukabaki donge hafifu linalovunjika ukiligusa, bado una maji. Ukimwagika kati ya vidole kama sukari, mwagilia leo. Mfinyanzi unaotengeneza kamba ndefu laini ukiusokota una maji mengi, na ukivunjika vipande vigumu umechelewa. Fanya hivyo kwa wiki mbili tu, utaifahamu bustani yako kuliko ratiba yoyote utakayopewa na mtu. Na mvua ikinyesha, tega kopo lenye kuta zilizonyooka. Maji yakifika milimita 10, kila mita ya mraba imepata lita 10, nusu ya ndoo. Wengi hukosa kumwagilia siku tatu baada ya manyunyu ya milimita 2 yaliyolowesha majani tu.

Turudi kwa ule mmea uliokutwa umelala alfajiri. Umechomeka kidole, udongo una maji. Hapo ndipo watu wengi wanapoongeza maji zaidi, na hapo ndipo mimi nilipoiua ile minyanya. Mizizi nayo inapumua. Katikati ya chembe za udongo mna nafasi ambazo zinatakiwa kugawana maji na hewa. Ukizijaza maji siku baada ya siku, mizizi inakosa oksijeni, inakufa, inaoza, na mzizi mfu haunyonyi maji hata ukiogelea ndani yake. Majani yanaonyesha kiu ya kweli: mmea unakufa kwa kukosa maji ukiwa umesimama ndani ya maji. Ng'oa mmoja utazame. Mizizi hai ni myeupe na migumu kidogo. Iliyokufa ni ya kahawia, gamba lake linachomoka ukilivuta na kubaki uzi. Kama hali ni hiyo, acha kumwagilia, tibua udongo taratibu pembeni, na msimu unaofuata inua tuta.

Lakini huenda mizizi ikawa mizima na mmea bado umelala, mara nyingi mmoja tu katikati ya wenzake, majani yakiwa bado ya kijani. Kata shina karibu na ardhi, kipande cha kama sentimita 10, kiloweke ncha kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Zikianza kushuka nyuzi nyeupe kama maziwa ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kutibu. Ng'oa mmea na mizizi yake, usiutupe kwenye shimo la mboji, na mahali pale usipande mnyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa, maana zote ni ukoo mmoja na zote zinaugua. Weka mahindi au vitunguu. Jambo la kukumbuka ni kwamba bakteria huyu anasafiri na maji, kwa hiyo ndoo uliyoongeza kwa huruma kwenye mnyanya mgonjwa imempeleka kwa jirani yake aliye chini ya mteremko.

Mchanga wa pwani una mgeni mwingine, minyoo fundo, yaani minyoo midogo mno ya udongoni inayoingia mizizini. Mmea unadumaa, unanyauka mchana, unapona jioni, mpaka unachoka. Ukiung'oa utaona mizizi imevimba mafundofundo. Usichanganye na kunde, ambazo mizizi yake inakuwa na vinundu kwa kawaida, na hivyo ni baraka kwa sababu ndani yake mna bakteria wanaotega naitrojeni kutoka hewani. Njia ya kutofautisha ni ukucha: kinundu cha kunde kinabanduka, na ukikipasua ndani ni chekundu au waridi. Fundo la minyoo halibanduki, ni mzizi wenyewe uliovimba.

Halafu iko chumvi, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya bustani vimeandikwa na watu wasiokunywa maji ya visima vya pwani. Sehemu nyingi za Dar es Salaam visima vina maji ya chumvichumvi. Kuna mahali unayaonja na kuyatema, kuna mahali ulimi unayavumilia lakini mmea hauyavumilii. Chumvi ndani ya udongo inashindana na mzizi kuyashika maji, kwa hiyo udongo unaweza kuwa na maji mkononi mwako na ukawa mkavu kwa mmea. Dalili yake ni ukingo wa majani ya zamani kukauka na kuwa wa kahawia, kana kwamba umepitishwa motoni, wakati jani jipya la katikati bado ni zima. Juu ya udongo au kwenye ukingo wa ndoo ya kupandia panaota ukoko mweupe.

Mwenye kisima cha namna hii akinyunyiza kidogo kidogo anajichimbia shimo. Maji yanaondoka hewani, chumvi inabaki, kesho inaongezeka nyingine juu yake. Yeye ndiye anayetakiwa kumwaga zaidi ya kipimo kila baada ya muda, ili maji yaisukume chumvi chini ya mizizi. Anapaswa pia kuyaheshimu maji ya mvua, ayakinge kwenye pipa, ayatumie kwa kitalu na miche michanga. Masika, kati ya Machi na Mei, yanaosha udongo bure. Yako pia mazao ya kuchagua: maharage, karoti na vitunguu vinashindwa mapema, nyanya inavumilia kiasi, bitiruti inavumilia vizuri. Sioni sababu ya mtu kupigana na maharage kila mwaka pale ambapo mnazi tu ndio unaonekana kufurahi.

Chumvi hiyohiyo, kwa maoni yangu, ndiyo inayoeleza ule usemi kwamba kumwagilia mchana kunaunguza majani. Maelezo yanayotolewa ni kwamba tone la maji linakusanya miale ya jua kama kioo cha kukuzia. Mwaka 2010 watafiti wa Hungaria walilipima jambo hilo, wakakuta kwamba matone juu ya majani laini hayaunguzi. Ni kwenye majani yenye vinyweleo vinavyolinyanyua tone juu ya jani tu ndipo kuungua kunawezekana. Lakini bibi aliyesema maji yanaunguza hakuwa akiota. Maji ya chumvi yakinyunyizwa juani yanakauka juu ya jani na kuacha chumvi, na chumvi inaunguza kweli. Vilevile mpira uliolala juani tangu asubuhi una maji ya moto ndani yake, na yale ya kwanza kutoka yanaweza kuunguza miche. Yamwage pembeni kwanza. Asubuhi mapema inabaki kuwa saa bora kwa sababu upotevu ni mdogo na majani yanakauka upesi. Jioni si vibaya, mradi unamwagilia udongo na kuacha majani makavu, kwa sababu jani linalolala limelowa ni karibisho la magonjwa ya majani kama bakajani na ubwiri vinyoya. Kitaluni tahadhari iwe kubwa zaidi: miche iliyobanana, udongo umelowa mfululizo, hewa haipiti, asubuhi unaikuta imeanguka, imeoza usawa wa ardhi. Hicho ni kinyausi. Punguza miche, punguza maji.

Kuna jambo moja la nyanya ambalo limewapelekea wengi kununua dawa bure. Tunda linakua vizuri, kisha kitako chake kinageuka cheusi, kinabonyea, kinakauka kama ngozi. Si ugonjwa wa kuambukiza. Kitako kimekosa kalsiamu, na kalsiamu inasafiri ndani ya mmea kwa kupanda maji yanayokwenda juu. Majani yanavuta maji mengi, tunda linavuta kidogo, na kitako kiko mwisho wa safari. Udongo ukikauka siku nne, kisha ukafurikishwa, kisha ukakauka tena, safari inakatika hata kama ardhini kalsiamu ipo ya kutosha. Maganda ya mayai yaliyosagwa hayadhuru, lakini yanayeyuka polepole sana, msimu huu hayatakusaidia. Tunda lililoharibika halitapona, liondoe. Sawazisha maji, na yatakayofuata yatakuwa mazima. Nyanya zinazopasuka baada ya mvua kubwa nazo zina asili hiyohiyo: nyama ya ndani imevimba ghafla kuliko ngozi inavyoweza kunyumbuka.

Kusawazisha maji kwa mkono ni kazi, kwa hiyo mwachie udongo sehemu ya kazi hiyo. Samadi iliyooza au mboji, ndoo moja kwa mita ya mraba kila msimu, inaufanya mchanga ushike maji zaidi na inaufungua mfinyanzi upitishe hewa. Ni dawa moja kwa maradhi mawili yanayopingana, na sijui kitu kingine bustanini kinachofanya hivyo. Samadi ya kuku iwe imekaa mpaka ikapoa na kuoza, mbichi inaunguza. Juu yake tandaza nyasi kavu, majani ya mwembe au makuti yaliyokatwa, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Udongo ulio wazi juani unapoteza maji bila kupitia kwenye mmea wowote, hayo ndiyo maji ya hasara tupu. Maji ya kuoshea mchele yapeleke bustanini bila wasiwasi. Ya kusuuzia vyombo yapeleke kwenye mti au mgomba, mbali na mboga za kuliwa mbichi, na yenye dawa ya kuondolea madoa yasifike kabisa.

Anayelima kwenye ndoo, magunia au matairi ana ghala dogo kuliko wote, na hesabu yake inakwenda kwa saa. Mnyanya mkubwa kwenye ndoo ya lita 20 unaweza kulimaliza ghala lake kwa siku moja ya jua. Toboa matundu ya chini bila huruma, tia mboji nyingi, na sogeza ndoo zikae pamoja ili zikingane jua la alasiri.

Kwa mwenye safari ya siku tatu za msiba au harusi mkoani, mtungi ule tulioanza nao unarudi kazini. Chukua mtungi wa kufinyangwa usiopakwa rangi, uzike mpaka shingoni katikati ya tuta, ujaze maji, upande minyanya minne kuuzunguka, shubiri moja kutoka ukingoni. Wachina waliandika juu ya njia hii miaka zaidi ya 2,000 iliyopita. Udongo ukikauka unayavuta maji kupitia ukuta wa mtungi, ukilowa kuvuta kunapungua, na hakuna mtu anayehitaji kuchomeka kidole. Maji ya chumvi yanaziba vitundu vya mtungi, tumia ya mvua au ya bomba. Na kabla hujafunga geti, funika mdomo wake kwa kigae au kitambaa kilichofungwa vizuri, pamoja na pipa la maji ya mvua. Mbu anayeeneza dengue, ambayo Dar es Salaam iliipata kwa wingi mwaka 2014 na tena 2019, anazaa kwenye maji yaliyotulia ya namna hiyo, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni wiki moja hadi siku kumi tu.